Je, Mmarekani anayecheza kikapu ng'ambo ni makapi ya NBA?

Mzee wa Kibokoni aliuliza:

Assalaam aleikum, ndugu zangu. Swali langu limezaliwa barazani, baada ya sala ya Isha, mahali ambapo kahawa chungu na mabishano ya michezo hugawiwa kwa kipimo kimoja. Nilikuwa ninawasimulia wenzangu habari za Mike James, yule Mmarekani wa Monaco ambaye mwaka 2024 alimpita Vassilis Spanoulis wa Ugiriki na kuwa mfungaji wa alama nyingi kuliko wote katika historia ya EuroLeague, ligi ya klabu bora za Ulaya, kisha mwaka huohuo akatangazwa Mchezaji Bora wa msimu. Jirani yangu, ambaye katika ujana wake alicheza kikapu kwa sifa hapa Mombasa, alinisikiliza mpaka mwisho, akaweka kikombe chini, akasema: "Ukipepeta nafaka, makapi ndiyo yanayopeperuka. Angekuwa punje, angebaki kwao."

Sikuwa na jibu, na usiku ule sikulala vizuri. Nina mjukuu wa miaka 17 anayefanya mazoezi kule Makande, na ndoto yake si NBA, ligi kuu ya kikapu ya Marekani, bali ni kulipwa acheze popote atakapohitajiwa ng'ambo (ng'ambo ya bahari, si ng'ambo ya Likoni). Mama yake ananiuliza kama hiyo ni kazi au ni kutangatanga. Naomba wenye ujuzi wanieleze jinsi Mmarekani wa aina hii anavyofika huko, anavyoishi, na kwa nini mwenye kipaji kama cha James asipate nafasi ya kudumu nyumbani kwao.

Kocha wa Likoni alijibu:

Wa aleikum salaam, mzee wangu. Mimi naishi ng'ambo hiyohiyo uliyoitania, na kila siku napoteza saa nzima kwenye feri, kwa hivyo nina wakati wa kutosha wa kuyafikiria mambo haya.

Tuanze na ungo wenyewe wa jirani yako. NBA ina timu 30, na kila timu huruhusiwa wachezaji 15 wa mikataba ya kawaida, yaani nafasi 450 kwa dunia nzima, ukiacha wachache wenye mikataba ya njia mbili ambao hushinda wakipanda na kushuka kati ya timu kubwa na ile ya ligi ya maendeleo. Katika drafti, yaani uteuzi wa kila mwaka wa wachezaji wapya, hawachaguliwi zaidi ya vijana 60, ilhali vyuo vya daraja la kwanza la michezo huko Marekani vinazidi 350 na kila kimoja kina kikosi kizima. Ungo wa namna hiyo hautenganishi punje na makapi. Unamwaga gunia zima na kubakisha konzi moja.

James alizaliwa Portland mwaka 1990, akapitia chuo cha miaka miwili huko Arizona kabla ya kuhamia Lamar, Texas, na mwaka 2012 drafti ikapita bila jina lake kutajwa. Alianzia Zagreb nchini Kroatia, akacheza ligi ya chini ya Italia katika mji mdogo wa Omegna, halafu akaibukia katika kisiwa cha Rhodes kwenye klabu ya Kolossos. Hapo ndipo Baskonia ya Uhispania ilipomchukua, na mwaka 2016 ikaingia miongoni mwa timu nne za mwisho za EuroLeague kule Berlin. Baadaye alipita Panathinaikos, Milano na CSKA Moscow, na tangu mwaka 2021 yuko Monaco. Tena si kweli kwamba kwao hakukanyaga: alichezea Phoenix na New Orleans katika msimu wa 2017/18, na Brooklyn mwaka 2021. Phoenix walimchukua kwa mkataba wa njia mbili, wakampandisha akapata mkataba kamili, kisha wakamwachilia kabla ya msimu kwisha.

Kwa nini hakudumu? Maoni yangu ni kwamba michezo hii miwili, wa NBA na wa Ulaya, ni ndugu wa baba mmoja na mama mbalimbali. Chini ya kanuni za FIBA, shirikisho la kikapu duniani, mechi huchukua dakika 40, si 48. Mchezaji hutolewa kwa faulo ya tano, si ya sita. Mstari wa alama tatu uko mita 6.75 kutoka kikapu, ilhali wa NBA uko mita 7.24 kwa sehemu kubwa ya mzunguko wake. Kubwa kuliko yote, Ulaya mlinzi mrefu anaweza kusimama chini ya kikapu muda anaotaka, wakati NBA humkataza kukaa hapo zaidi ya sekunde tatu kama hana anayemkaba. Kwa hiyo Ulaya njia ya kwenda kikapuni imezibwa, na anayethaminiwa ni yule anayeweza kusimamisha mpira, kusoma ulinzi na kufunga kwa mkono wa mtu usoni pake. James, mwenye urefu wa takriban mita 1.85, huko Marekani angekuwa mchezaji wa akiba anayeambiwa asimame pembeni angojee pasi. Monaco walimkabidhi usukani. Ningekuwa mimi, ningechagua usukani.

Na jirani yako umuulize habari za P.J. Tucker. Toronto walimchagua mwaka 2006 katika nafasi ya 35, wakamwacha, naye akazunguka Israeli, Ukraini, Ugiriki, Italia na Ujerumani. Mwaka 2012 alirudi NBA kupitia Phoenix, na mwaka 2021 akatwaa ubingwa na Milwaukee. Ni makapi gani hayo yanayorudi shambani na kuota?

Bi. Wakili wa Bandarini alijibu:

Masalkheri, mzee. Mimi si mtu wa viwanjani. Kazi yangu kwa miaka mingi imekuwa kusoma mikataba ya mabaharia, na mpwa wangu alipoitwa na klabu ndogo ng'ambo aliniletea karatasi zake nizitazame. Nilipozisoma nilijiona niko kazini kwangu, kwa kuwa mchezaji wa kikapu anayecheza nje ni baharia: huajiriwa kwa safari moja, hulala alikopangiwa, na akifika bandari ya mwisho hutafuta meli nyingine.

Mkataba wa kawaida Ulaya hufunika msimu mmoja, kiasi cha miezi tisa au kumi. Mara nyingi klabu hutoa nyumba, tiketi za ndege na pengine gari, na mshahara huandikwa ule unaobaki mkononi baada ya klabu kulipa kodi, jambo ambalo humfanya anayelinganisha tarakimu za Ulaya na za Marekani akosee hesabu. Wakala huchukua takriban asilimia 10, na mara nyingi hulipwa na klabu. Kabla ya kuvaa jezi, mchezaji lazima apimwe afya, na FIBA hudai barua ya idhini kutoka shirikisho la nchi aliyotoka. Mchezaji wa kiwango cha juu huomba pia kifungu kinachomruhusu kuondoka iwapo NBA itamwita, kwa fidia iliyokubaliwa mapema. Neno ambalo mama wa kijana wako anapaswa kulitafuta katika karatasi hizo ni "malipo yaliyohakikishwa", kwa maana bila hilo goti likiumia mwezi wa Novemba, mshahara unaweza kuumia pamoja nalo.

Mpwa wangu alicheleweshewa mshahara miezi miwili na klabu ambayo sitaitaja. Hapo ndipo nilipojifunza kwamba FIBA ilianzisha mahakama yake ya usuluhishi mwaka 2007, inayojulikana kwa kifupi kama BAT, ambayo makao yake ya kisheria yako Geneva. Kesi huamuliwa na msuluhishi mmoja, kwa kawaida kupitia nyaraka tu bila watu kusafiri, na huamuliwa kwa kuzingatia haki na uadilifu badala ya sheria za nchi fulani. Klabu ikikaidi uamuzi, FIBA inaweza kuizuia kusajili wachezaji wapya, na hakuna kinachoiuma klabu kama hicho. Lakini sharti ni moja: mkataba wenyewe uwe umeitaja BAT. Wa mpwa wangu haukuitaja, nasi tukabaki kuandika barua pepe za kubembeleza.

Namba Saba, Changamwe, alijibu:

Wakubwa wangu, nimesoma yote na naona mnaongea kana kwamba kikapu kinachezwa na wanaume peke yao, hali katika mji huu timu ya wanawake ya bandari imeleta vikombe ambavyo wanaume wanavitazama tu.

Kwa wanawake wa Marekani hoja ya makapi haina hata mahali pa kusimama, kwa sababu waliokwenda ng'ambo walikuwa ndio bora kabisa. Diana Taurasi, ambaye hakuna anayebisha ukubwa wake, alikosa msimu mzima wa WNBA, ligi ya wanawake ya Marekani, wa mwaka 2015 kwa kuwa klabu yake ya Urusi, UMMC Ekaterinburg, ilimlipa apumzike. Iliripotiwa kwamba Urusi ilikuwa ikimpa karibu dola milioni 1.5 kwa msimu, wakati kwao alikuwa akipata takriban dola 107,000. Huyo alikuwa akifanya kazi Urusi na kupitisha majira ya joto nyumbani, wala si kinyume chake.

Gharama yake ni kwamba mwili haupumziki, na wakati mwingine si mwili peke yake unaolipa. Brittney Griner, aliyechezea klabu hiyohiyo, alikamatwa kwenye uwanja wa ndege karibu na Moscow mwezi wa Februari 2022 kwa mafuta ya bangi yaliyokutwa katika mizigo yake, akahukumiwa miaka tisa mwezi wa Agosti, na akaachiliwa tarehe 8 Desemba kwa kubadilishwa na Viktor Bout, mfanyabiashara wa silaha. Bi. Wakili amesema baharia. Mimi nasema hakuna mkataba uliokuwa na kifungu cha bahari ile. Tangu hapo wengi wao wamekuwa wazito kusafiri, na ligi mpya ya Unrivaled iliyoanza Miami mwezi wa Januari 2025 imewapa mahali pa kuchuma bila kuondoka kwao.

Jirani wa Mzee alijibu:

Mimi ndiye niliyesema makapi, na nimeshangaa kukuta kahawa yetu imemwagwa hadharani. Si neno.

Kwanza nakubali hoja ya Namba Saba yote, kwani sikuwa nikiwafikiria wanawake na hilo ni kosa. Pili, nakubali kwamba kuna wasiopeperushwa bali waliohama wenyewe. Stephon Marbury alichaguliwa wa nne mwaka 1996, akacheza mechi mbili za nyota wa NBA, na alipoondoka huko wengi tulidhani amekwisha. Alikwenda China mwaka 2010, akaanzia Shanxi, akapita Foshan, na akiwa na Beijing Ducks akatwaa ubingwa mwaka 2012, 2014 na 2015. Walimjengea sanamu nje ya ukumbi wa timu akiwa bado anacheza, jambo ambalo New York, mji aliozaliwa, haukumfanyia. Alistaafu hukohuko mwaka 2018.

Ila kuhusu James sitakubali upesi. Kocha amezieleza kanuni vizuri lakini amekwepa tabia. CSKA Moscow walimsimamisha mwaka 2021 baada ya kugombana na kocha wao, na Brooklyn walimpata kwa kuwa nafasi yake kule ilikuwa imefungwa. Mtu anayetaka usukani kila mahali atapata chombo kimoja kinachomfaa na vingi visivyomfaa. Nilicheza zamani na vijana wenye vipaji kuliko mimi ambao hawakufika popote kwa sababu hiyohiyo, nami nilifika Nairobi.

Kocha wa Likoni alijibu:

Ndugu jirani, la tabia nalipokea nusu. Monaco nao waliwahi kumsimamisha, lakini walimrudisha, na pamoja naye wakafika fainali ya EuroLeague ya mwaka 2025 kule Abu Dhabi, ambako walishindwa na Fenerbahçe. Klabu haimvumilii mtu miaka yote hiyo kwa huruma.

Kwa ajili ya mjukuu, naomba mzee amwangalie zaidi Justin Brownlee, ambaye drafti ilimpita naye. Alifika Ufilipino mwaka 2016 kuichezea klabu ya Ginebra, na katika ligi ile mchezaji wa kigeni hukodishwa kwa mashindano mamoja tu. Aliitwa tena na tena, mpaka Januari 2023 akapewa uraia kwa sheria maalumu, na mwaka huohuo akaisaidia timu ya taifa kupata dhahabu ya Michezo ya Asia kule Hangzhou, ya kwanza tangu mwaka 1962. FIBA huruhusu timu ya taifa kuwa na mchezaji mmoja tu wa namna hiyo, na Wafilipino walimchagua yeye.

Na kwa upande wetu, Tylor Ongwae aliondoka Kenya, akasoma Louisiana, akacheza kwa miaka nchini Denmark na Bakken Bears, na ndiye aliyefunga kikapu cha mwisho tulipoishinda Angola 74 kwa 73 mwaka 2021. Mwaka 2025 Nairobi City Thunder ilikuwa timu ya kwanza ya Kenya kucheza ligi ya Afrika, BAL. Kijana wa miaka 17 hana haja ya kuvuka bahari kesho asubuhi.

Mzee wa Kibokoni alijibu:

Nawashukuru nyote. Nimemsomea mama wa kijana maneno ya Bi. Wakili mara mbili, naye amesema atayachapisha na kuyabandika mlangoni pa jokofu. Swali lake jipya ni kama ile BAT humsikiliza mtu ambaye mkataba wake haukuandikwa kwa Kiingereza. Jirani amekuja leo baada ya Isha kama kawaida, ameketi mahali pake, na amekataa kulizungumzia jambo hili mpaka kahawa ya pili.