Umepata kazi nchi ya watu, mji hujawahi hata kuuona: uende au ukatae?

Wadau naomba tulijadili hili kwa utulivu maana nimeona linaulizwa mara nyingi na majibu huwa yale yale mawili. Mtu kapata ofa ya kazi nje, mji hajawahi kukanyaga, hamjui mtu hata mmoja kule, anauliza niende nisiende. Kundi la kwanza linamwambia nenda, bahati haiji mara mbili, mengine utayajulia huko huko. Kundi la pili linamwambia tulia, kule utateseka na hakuna wa kukushika mkono. Mimi naona makundi yote mawili yanajibu swali ambalo silo. Msimamo wangu nausema mapema ili anayetaka kupinga ajue anapinga nini: ugeni wa mji usiwe sababu ya kukataa, na mshahara usiwe kitu cha kwanza kuangalia. Cha kwanza ni hiki, kazi ikiharibika, wewe mwenyewe una uwezo wa kuondoka? Uondoke kazini, uondoke kwenye nyumba, ikibidi uondoke nchini, bila kumpigia mtu magoti. Kama unao huo uwezo nenda, hata mji uwe mgeni namna gani. Kama huna usiende, hata wakuwekee mshahara mara nne ya unaopata sasa.

Siongei kwa kusikia. Nimehama mara mbili kwenda miji nisiyoijua na mara hizo mbili zilikuwa tofauti kama mbingu na ardhi.

Mara ya kwanza nilikuwa kijana, wakala alinitafutia kazi nikamlipa hela nyingi sana, nyingine nimekopa kwa ndugu, na kwa vile nimekopa nikawa nimeshaondoka hata kabla sijapanda ndege, yaani hata ningeona kitu kibaya kwenye mkataba nisingerudi nyuma, ningerudije na deni lile. Mkataba niliosaini ulikuwa wa lugha ninayoisoma, nilipofika nikapewa mwingine wa lugha nisiyoisoma, nikaambiwa ni ule ule tu, hizi ni taratibu za huku. Haukuwa ule ule. Kazi ilikuwa nyingine na mshahara ulikuwa umeshuka karibu theluthi. Siku ya pili pasipoti ikachukuliwa, wakasema inatunzwa ofisini isije ikapotea. Chumba nilichokuwa nalala ni cha mwajiri. Sasa hebu fikiria, siku naamua kuacha kazi ndiyo siku hiyo hiyo nakosa pa kulala, nakosa kibali cha kuwepo nchini, pasipoti iko kwenye droo ya mtu, na nyumbani nadaiwa. Nilikaa miezi 14 hivyo, na kila Jumapili nikipiga simu nasema huku kuzuri.

Mara ya pili ilikuwa miaka kadhaa baadaye, na mji huo ndio ulikuwa mgeni haswa. Lugha yao sikujua hata salamu, baridi ile sikuwahi kuiwaza, na unaweza kumaliza mwezi hujakutana na mtu anayeongea lugha yako. Ila mkataba nilikuwa nao mkononi wiki 6 kabla ya safari, gharama za viza alilipa mwajiri, nyumba nilipanga kwa jina langu, na hela ya tiketi ya kurudi ilikuwa benki haijaguswa. Mwezi wa tatu msimamizi akanijia juu mbele ya watu kwa kosa ambalo sikulifanya, nikamwambia kwa adabu kabisa kwamba hilo si langu na nikamwonyesha la nani. Yakaisha. Nikarudi nimekaa kwenye kiti changu mikono inatetemeka, maana mara ya kwanza neno kama lile lisingetoka mdomoni kabisa. Tabia yangu haikuwa imebadilika. Kilichobadilika ni kwamba safari hii nilikuwa na tiketi.

Baadaye ndio nikaja kujua Shirika la Kazi Duniani, ILO, lina orodha ya viashiria 11 vya kazi ya kulazimishwa, na ndani yake kuna kudanganywa, kushikiliwa hati za utambulisho, kuzuiliwa mshahara, kutengwa na watu, na deni linalomfunga mtu kwenye kazi. Mimi sikupigwa wala sikufungiwa mlango, kwa hiyo miaka yote nilikuwa najiambia kwamba niliangukia bosi mkali basi. Nilipoisoma ile orodha nikakuta viashiria vitatu ni maisha yangu mwenyewe. Nililia, sioni aibu kusema.

Na hili la kumlipa wakala watu wanaliona la kawaida kabisa. Mkataba wa ILO namba 181 wa mwaka 1997 unasema wakala binafsi wa ajira asimtoze mfanyakazi ada wala gharama, si moja kwa moja si kwa kuzungukia mlango wa nyuma. Mkataba wenyewe unaruhusu nchi kuweka baadhi ya misamaha na nchi nyingi hazijauridhia, kwa hiyo sisemi kila anayekutoza ni tapeli. Nasema hela unayokopa ili uende kufanya kazi ndiyo kamba ya kwanza shingoni, na mtu anayekuvisha kamba kabla hujafika hawezi kuwa anakutakia mema sana.

Sasa kibali. Hapa watu hawaulizi kabisa, mtu anauliza kuhusu hali ya hewa na bei ya mabasi lakini hajui kibali chake kimefungwa kwa mwajiri au la. Nchi za Ghuba zilijulikana miaka mingi kwa mfumo wa kafala, ambao mwajiri ndiye anayekudhamini, na kubadilisha kazi au hata kutoka nchini kulitegemea yeye. Qatar ilianza kuondoa sharti la ruhusa ya kutoka nchini kwa wafanyakazi wengi mwaka 2018, na mwaka 2020 ikaondoa sharti la barua ya mwajiri kwa anayetaka kuhama kazi. Lakini msijidanganye kwamba ishu hii ni ya Ghuba tu. Marekani mtu wa viza ya H-1B, ile ya kazi za kitaalamu, akipoteza kazi kwa kawaida ana hadi siku 60 kupata mwajiri mwingine, kubadilisha aina ya viza au kufungasha. Siku 60, na una mkataba wa nyumba wa mwaka mzima, na labda mtoto yuko shule. Kwenye Blue Card ya Umoja wa Ulaya, yaani kibali cha kuishi na kufanya kazi kwa wataalamu wanaotoka nje ya umoja huo, kwa sheria iliyopitishwa 2021, ukosefu wa kazi wa hadi miezi 3 haukunyang'anyi kadi kama umekuwa nayo chini ya miaka 2, na ukifikisha miaka 2 inakuwa miezi 6. Ona tofauti hiyo. Mtu mwenye ofa mbili mkononi angepaswa kuweka hizo siku mezani pamoja na mshahara, kwa sababu ndizo zinazoamua kama utaongea na bosi wako umesimama au umeinama.

Kuhusu hela nitapita haraka. Mshahara unaotajiwa sio unaoingia, kuna kodi, bima, michango ya pensheni ambayo huenda usiipate ukiondoka mapema, uliza yote hayo. Wengi wanalipwa mwisho wa mwezi, kwa hiyo mwezi wa kwanza mzima unaishi kwa akiba, na mwenye nyumba anataka dipoziti kabla hujapata hata senti. Na kuna ule mzunguko unaowatesa wageni sehemu nyingi, benki inataka anuani ndio ikufungulie akaunti, mwenye nyumba anataka akaunti ndio akupe nyumba. Mwombe mwajiri akuandikie barua kabla hujasafiri. Kutuma hela nyumbani nako kunakula, nchi wanachama wa Umoja wa Mataifa zilijiwekea lengo gharama ishuke chini ya asilimia 3 ifikapo 2030, na wastani wa dunia bado unacheza kwenye asilimia 6 na kitu. Vyeti pia, kama ni muuguzi au mwalimu usikubali kuambiwa utavisajili ukifika, maana hapo katikati unafanya kazi gani na kwa mshahara upi?

*

Nimerudi, nimesoma michango yote, asanteni sana hata mlionipinga vikali. Nitajibu mitatu.

Kuna dada kaandika kwamba haya ninayoyasema ni ya mtu mwenye uwezo wa kuchagua, kwamba mtu mwenye wazazi wagonjwa na watoto wa kusomesha hawezi kukaa anahesabu siku za viza, anaenda tu. Dada yangu, hii hoja ndiyo nzito kuliko zote na nimekaa nayo tangu jana. Ni kweli, mimi mwenyewe mara ya kwanza nisingesikiliza maneno haya. Lakini nikuulize na wewe, mtu ambaye watu wote wanamtegemea ndiye anayefaa zaidi kuingia mahali asipoweza kutoka? Akikwama yeye wamekwama wote. Na mengine katika haya hayahitaji hela, kupiga picha kila ukurasa wa mkataba na wa pasipoti na kumtumia mtu unayemwamini ni bure. Kuuliza kabla hujasaini kama pasipoti inabaki kwako ni bure. Kuwa na namba ya ubalozi wenu kwenye karatasi na sio kwenye simu tu ni bure. Hapo penye hela ndio pagumu, tiketi ya kurudi, na hapo nakubali sina jibu jepesi, ila nasema kama ndugu wanachanga ili uende basi wachange na ya kurudi, ibaki nyumbani kwa mama, isiguswe.

Kaka mwingine kasema nakuza mambo ya sheria wakati kinachowarudisha watu ni upweke. Kasema yeye alikuwa na kila kitu, kibali safi, mshahara safi, akarudi mwezi wa tisa kwa sababu alikuwa anaongea na ukuta. Kaka pole sana, na wala sikupingi. Mwaka 1955 mtafiti Sverre Lysgaard aliandika kuhusu Wanorwei zaidi ya 200 waliokwenda Marekani kwa ufadhili wa Fulbright, ule wa serikali ya Marekani wa kubadilishana wasomi, akakuta waliokaa chini ya miezi 6 wako vizuri, waliovuka miezi 18 nao wako vizuri, hoi walikuwa wale wa katikati. Wataalamu wengine baadaye wakaonyesha si kila mtu anapita njia hiyo, wapo wanaoumia tangu wiki ya kwanza, lakini mimi mwezi wangu wa nane ulikuwa hivyo hivyo, nilikuwa nakaa kwenye treni mpaka kituo cha mwisho ili tu nichelewe kufika kwenye chumba kitupu. Nilichojifunza ni kwamba upweke usiusubiri ukukute. Wiki ya kwanza jiunge na kitu chenye siku na saa maalumu, kwaya, msikiti, mpira wa Jumamosi, darasa la lugha, chochote ambacho usipokwenda mtu atauliza yuko wapi. Na ukiamua kurudi mwezi wa tisa kwa hiari yako kama wewe ulivyofanya, kaka, mimi sioni hapo palipoharibika. Uliondoka ulipotaka. Mimi mara ya kwanza nilitaka mwezi wa pili nikaondoka mwezi wa 14.

Na pale mnaposema "mwanaume haogopi mji", naomba tuache. Hofu ilikuwa inaniambia ukweli mara ya kwanza nikaizima kwa sababu ya maneno kama hayo. Na wanawake wanaokwenda kufanya kazi ndani ya nyumba za watu, ambako hakuna mfanyakazi mwenzao wala mkaguzi anayepita, hiyo hofu ndiyo rafiki yao wa kwanza.

Wa mwisho ni mdogo wangu aliyesema ana ofa kweli, kapewa siku 10 kujibu, mkataba kaahidiwa atapewa akifika na nyumba ni ya kampuni. Mdogo wangu, mji usiwaze, mji utauzoea kama watu wengine walivyouzoea, ILO inakadiria wahamiaji karibu milioni 168 walikuwa kwenye nguvukazi duniani mwaka 2022 na wengi wao walifika mahali hawajui hata pa kununua chumvi. Waandikie leo hii barua pepe, fupi na ya heshima, maswali manne. Naomba mkataba kamili kabla ya kusaini chochote. Pasipoti yangu nitakaa nayo mwenyewe? Nikiacha kazi au mkiniachisha, nina siku ngapi kwenye nyumba yenu? Kibali kinaniruhusu kuhamia kwa mwajiri mwingine, na tiketi ya kurudi nani analipa? Mwajiri wa maana anajibu ndani ya siku mbili tatu na wala hakasiriki, wangu wa pili alinijibu siku hiyo hiyo. Wa kwanza nilipomuuliza swali moja tu kati ya hayo aliniambia kuna watu 50 wanaisubiri nafasi yangu.

Wakishakujibu njoo utuwekee hapa majibu, ficha jina la kampuni, tuyasome pamoja kabla siku 10 hazijaisha. Hasa lile la nyumba.