Ritani za kodi za miaka kadhaa hazijawasilishwa: nianzie wapi?

MuuzaNafaka, Kisumu
Hamjambo wanajukwaa. Niliajiriwa katika hoteli moja kuanzia mwaka 2019 hadi 2021, nikikatwa kodi kila mwezi, kisha nikafungua duka la nafaka karibu na soko la Kibuye. Tangu nipate PIN (namba ya mlipa kodi) sijawasilisha ritani hata moja. Sasa ninaomba zabuni ya kuiuzia shule mahindi na maharagwe, na cheti cha KRA (Mamlaka ya Mapato Kenya) cha kuonyesha kwamba sina matatizo ya kodi kinahitajika. Kijana wa saiba (duka la intaneti) yuko tayari kunijazia ritani sufuri za miaka yote leo hii. Je, nimruhusu?

Mhasibu, Nakuru
Usimruhusu, ndugu yangu. Ritani sufuri ni ya asiyekuwa na mapato, nawe ulilipwa mshahara ambao huenda mwajiri alikwisha kuutaja KRA. Mwombe P9 (fomu inayoonyesha mshahara na kodi uliyokatwa) za miaka hiyo mitatu, uingie iTax, mfumo wa KRA wa mtandaoni, uanze na mwaka wa nyuma kabisa. Kwa kuwa ulikatwa kodi, yamkini hutadaiwa nyingine, ila adhabu ya kuchelewa haikwepeki: shilingi 2,000 kwa kila ritani, au asilimia 5 ya kodi ikiwa hiyo ndiyo kubwa zaidi.

Kazi kubwa iko dukani. Kusanya taarifa za M-Pesa, stakabadhi za magunia na hata lile daftari la wadeni, kwa sababu pango, usafiri na ushuru wa soko hutolewa kwanza ndipo faida itozwe kodi. Mauzo yakizidi milioni 1 kwa mwaka, uliza pia kuhusu kodi ya mauzo (turnover tax, inayotozwa juu ya mauzo badala ya faida), ambayo tangu Julai 2023 ni asilimia 3 na huwasilishwa kila mwezi.

MuuzaNafaka, Kisumu
Ahsante sana. Na ule msamaha uliotangazwa?

Mhasibu, Nakuru
Ulifungwa tarehe 30 Juni 2025, nao ulihusu adhabu na riba za hadi mwisho wa 2023. Kodi isiyolipwa huongezewa riba ya asilimia 1 kila mwezi, kwa hiyo usingoje mwingine.

Mama wa Kakamega
Mwanangu, usikate tamaa na hiyo zabuni. Ukishawasilisha ritani zote, unaweza kuomba kulipa deni kwa awamu, na mpango huo ukikubaliwa unaweza kupewa cheti kabla deni halijaisha. Nenda Huduma Centre (kituo cha huduma za serikali) asubuhi na mapema, maana kuanzia katikati ya Juni foleni hufika nje.