Naomba ushauri: niendelee kukodi shamba Luweero au niliache?

Mkulima Mgeni: Ndugu zangu, nimekodi ekari tatu za mahindi Luweero, Uganda. Mwenye shamba amepandisha kodi, na vibarua hawapatikani: vijana walionipalilia mwaka jana sasa wanaendesha bodaboda Wobulenzi, na waliobaki wanadai walipwe kabla ya kushika jembe. Niendelee au niache?

Mama Kahawa: Tatizo ni malipo ya siku. Mimi hapa Masaka huwapimia kipande kwa kamba. Wanaanza alfajiri, saa nne wamemaliza, wanachukua pesa zao na kwenda kwenye shughuli nyingine. Tangu mwanangu wa pili aende Uarabuni, sina njia nyingine.

Mzee wa Bombo: Miaka ya 1920 watu walitembea kwa miguu kutoka Ruanda-Urundi kuja kulima pamba na kahawa Buganda. Vijana wetu jembe liko mlangoni, nao wanaliruka. Ni malezi.

Msoma Sheria: Hayo yatangoja. Aliyekukodisha ana hati ya mailo, yaani ardhi ni yake mwenyewe, au ni mwenye kibanja, yaani mpangaji wa kudumu kwenye ardhi ya mwenye hati?

Mkulima Mgeni: Sioni inahusu nini.

Msoma Sheria: Inahusu sana. Jibu.

Mkulima Mgeni: Ni mwenye kibanja. Mwenye hati anaishi Kampala na hajui habari zangu. Lakini huyu ni mtu wa ibada, na mwenyekiti wa LC1, baraza la kijiji, alishuhudia. Isitoshe, nimekwisha kulipa nusu ya kodi ya miaka mitano, na nusu ekari nimeshapanda miche ya kahawa.

Msoma Sheria: Sheria ya Ardhi ya 1998 inamruhusu mwenye kibanja kukodisha, ila ni lazima kwanza aombe idhini ya mwenye ardhi, na ushahidi wa LC1 hauchukui nafasi ya idhini hiyo. Dai pia kuona risiti za busuulu, kodi ya mwaka ambayo mwenye kibanja humlipa mwenye ardhi, kwa sababu asipoilipa, mwenye ardhi anaweza kwenda mahakamani kuomba amri ya kumwondoa, nawe utaondoka naye. Kahawa huchukua kama miaka mitatu kuanza kuzaa.

Kikombe Kimoja: Ikizaa, mwenye hati atakukaribisha uionje.

Jicho Kali: Mimi nahisi hadithi hii imetungwa. Yalianza mahindi, sasa ni kahawa. Ilianza kodi iliyopanda, sasa kuna kodi ya miaka mitano iliyolipwa nusu. Iliyopanda ni ipi?

Mkulima Mgeni: Iliyopanda ni ya msimu. Nilipoona inapanda kila mvua zinapokaribia, nikaona heri tukubaliane bei moja ya miaka mitano. Sijatunga.

Jicho Kali: Basi tuonyeshe mkataba, majina uyafiche.

Mkulima Mgeni: Utaandikwa nikimaliza kulipa, Jumamosi.

Mzee wa Bombo: Yaani pesa kwanza, karatasi baadaye? Hata vibarua wako wana akili kuliko wewe.

Msoma Sheria: Usitoe hata shilingi. Kabla ya Jumamosi, nendeni wote wawili kwa mwenye hati na ombi la maandishi.

Mkulima Mgeni: Hilo ni gumu kidogo. Mwenye kibanja ameniomba nisimtafute.