Mgodi ukichafua mto, nani aanze kuongea: afisa mahusiano au wakili?

Kisima Kirefu: Wakuu, Mei 2009 maji yenye sumu kutoka mgodi wa North Mara yaliingia mto Tigithe kule Nyamongo, Tarime. Mgodi ulikuwa wa Barrick, kampuni ya dhahabu ya Canada, na maelezo yao kama nakumbuka vizuri ni kwamba watu waliiba nailoni iliyotandikwa kuzuia maji yasivuje. Huenda waliiba kweli. Ila mtu ng'ombe wake wanakunywa mto huo, halafu neno la kwanza analosikia kutoka kwako ni wizi! Miaka 10 baadaye, 2019, NEMC, wale wa baraza la mazingira, wakaupiga mgodi huohuo faini ya bilioni 5.6, safari hii bwawa la topesumu, yaani tope la mabaki ya mgodi. Kampuni iombe radhi kwanza au isubiri uchunguzi?

Babu Sekta: Mleta mada hujawahi kukaa ofisini. Ukiomba radhi umekiri, na barua yako ndiyo kielelezo namba moja mahakamani. Maji yapimwe kwanza.

MamaTunu: Wale wa Tylenol, dawa ya maumivu ya Marekani, walisubiri nini? Watu walikufa Chicago 1984, kampuni ikaondoa dawa madukani nchi nzima, na mpaka leo inauzwa.

Jembe Butu: 1982, dada. Walikufa 7, zikarudishwa chupa kama milioni 31. Lakini kule sumu ya sianidi ilitiwa kwenye dawa na mtu baki, kampuni nayo ilionewa. Bwawa la topesumu ni la mgodi wenyewe. Babu, hapo unasemaje?

Babu Sekta: Ya Chicago waachieni Wamarekani. Nimefanya kazi ya mahusiano miaka 12. Kijijini ukigawa fulana na soda, kelele zinaisha siku hiyohiyo.

Kisima Kirefu: Fulana?!

MamaTunu: Babu, umenigusa pabaya. Kwetu kulikuwa na kiwanda, sikitaji, kilimwaga uchafu kwenye mfereji wa mpunga. Taarifa yao ikabandikwa mlangoni kwa mtendaji, kurasa mbili za Kiingereza, mvua ikailowanisha kabla mwalimu hajaja kutusomea. Wiki ya pili ndiyo zikaja fulana zako. Zote saizi M. Mama yangu aliipokea kwa sababu ni nguo, siyo kwamba alisamehe.

Babu Sekta: Kwa hiyo aliipokea.

MamaTunu: Mama yangu muache kabisa.

Jembe Butu: Na swali la bwawa limepita hivyohivyo.

Ng'ombe wa Jirani: Tuseme ukweli jamani. Kuna wenyeviti wanazidai hizo fulana wenyewe, na mkutano wa hadhara bila soda utawakuta watoto na mbwa. Huyo afisa mahusiano naye afanyeje?

MamaTunu: Aje bila soda, achote maji ya mfereji ayanywe mbele yetu. Aone kama mkutano hautajaa.

Babu Sekta: Hayo sasa ni mazingaombwe. Na habari ya M ni uzembe wa aliyeagiza, mimi siku zote naweka na XL.

Ng'ombe wa Jirani: XL zinaishia kwa diwani.

Kisima Kirefu: Wakuu, swali lilikuwa radhi kwanza au uchunguzi kwanza.

Ng'ombe wa Jirani: Wa kwetu anazo tano. Moja anafutia pikipiki.