Yuka yangu inachanua lakini haizai: je, nondo wake yupo Nairobi?

Mama Bustani, Kahawa West:
Hamjambo. Nina yuka langoni, niliinunua kwa wauza miche wa Kamiti Road ikiwa kijiti tu. Hii ni mara ya tatu inachanua, maua meupe kama kengele, na usiku harufu yake inafika hadi chumbani. Lakini yote hudondoka. Sijaona tunda hata moja, na inaniuma. Juzi saa mbili usiku nilimulika tochi nikakuta nondo mweupe ndani ya ua, mdogo kama ukucha wa kidole gumba. Nasikia yuka ina nondo wake anayeichavusha. Ndiye huyu?

Mwalimu wa Bayolojia:
Dada, sidhani. Huyo unayemsikia, Tegeticula yuccasella wa familia ya Prodoxidae, ni wa Amerika Kaskazini. Yuka ililetwa huku, nondo akabaki kwao. Mtazame mdomoni. Jike wa Tegeticula ana vimkono viwili vilivyojikunja. Kwa vimkono hivyo hukusanya chavua, akaifinyanga kama tonge la ugali, akaibana chini ya kichwa. Kwenye ua jingine hutaga ndani ya ovari, sehemu yenye mbegu changa, kisha hupanda juu na kuishindilia chavua kwenye stigma, ncha inayopokea chavua. Viwavi hula mbegu kadhaa, nyingine zinabaki.

Nondo254:
Vimkono peke yake havitoshi, Mwalimu. Mtaalamu wa wadudu Riley alimweleza nondo huyu mwaka 1872, akamwita Pronuba, jina ambalo tayari lilikuwa la mbawakawa, ikabidi liachwe. Baadaye nondo wengi weupe wa yuka wakarundikwa chini ya yuccasella, hadi mtafiti Olle Pellmyr alipolichambua kundi hilo mwaka 1999 na kupata spishi zaidi ya kumi. Mbili kati yake, Tegeticula intermedia na Tegeticula corruptrix, hazina vimkono: hutaga tu, chavua hazileti. Ila hizo hutegemea matunda yaliyochavushwa na wenzao. Kwa Mama hakuna tunda. Viwavi wao wangekula nini?

Mama Bustani, Kahawa West:
Asanteni sana. Jana nilimfunika kwa glasi, nikamtazama kwa lenzi ya mume wangu ya kutengenezea saa. Vimkono hana. Nilimwachia. Jirani wa nyumba ya tatu naye yuka yake imechanua, amenipa maua mawili yenye chavua. Leo jioni naishindilia mwenyewe kwa njiti ya kibiriti. Maua sita nimeshayafunga uzi mwekundu.