Lori la kununua mifugo hufika ng'ombe wakishakufa. Mpaka lini?

Ndugu zangu, nimenyamaza muda mrefu, leo nasema. Huu mpango wa serikali kununua mifugo wakati wa ukame unatudhulumu sisi wafugaji. Pesa zenyewe tungezipokea hata zikiwa chache. Kinachotumaliza ni kuchelewa.

Ukame ule mnaukumbuka. Kuanzia mwisho wa 2020 mvua ilitukosa misimu 5 mfululizo. Septemba 2021 Rais Uhuru Kenyatta akautangaza kuwa janga la kitaifa, na hadi unaisha, Kenya ilikuwa imepoteza mifugo zaidi ya milioni 2.

Mimi nilikuwa na ng'ombe 34. Chifu aliita baraza, tukaandikishwa, kila boma ng'ombe 2. Wawili! Siku hiyo ng'ombe wangu walikuwa bado wanatembea wenyewe hadi kisimani. Dalali alinipa elfu 12 kwa dume, nikakataa, maana tuliambiwa lori liko njiani na bei yake ni nzuri. Nikangoja. Wiki ya tatu tukaanza kuwainua kila asubuhi, watu wanne, mmoja mkiani, wawili ubavuni, mmoja ameshika pembe. Mfugaji yeyote anajua ng'ombe akishaanza kuinuliwa ana siku ngapi.

Lori lilifika wiki ya tisa. Wale wangu 2 wa kwenye orodha tulikuwa tumeshawachuna ngozi. Nikaleta wengine, afisa akasema anachukua tu anayeweza kupanda lori mwenyewe. Na papo hapo, nikiwa nimesimama, wakapakiwa ng'ombe wanono wa mfanyabiashara wa mjini ambaye hajalala malishoni hata usiku mmoja. Jina lake lilikuwa kwenye orodha. Nani aliliandika?

Nilibaki na ng'ombe 6.

Msiniambie hakuna aliyejua. NDMA, mamlaka ya kitaifa ya kudhibiti ukame, hutoa taarifa ya kila mwezi kwa kila kaunti kame: hali ya malisho, umbali wa maji, maziwa yanayokamuliwa, hadi kipimo cha mikono ya watoto kinachoonyesha utapiamlo. Ndani yake imeandikwa kama tuko kwenye tahadhari au tumeshafika dharura. Ng'ombe anapaswa kununuliwa kwenye tahadhari, akiwa bado na nyama mwilini! Ukimuuza wakati huo unapata mahindi, unalipa karo, na unanunua nyasi za kuwashikilia wenzake. Ukingoja dharura unauza mifupa.

Bima nayo, ile iliyoanza 2015 ambayo serikali ililipia kila boma lililochaguliwa mifugo sawa na ng'ombe 5, ilipimwa kwa setilaiti. Setilaiti inaona kijani tu. Haijui kama kile kijani ni nyasi au ni mathenge, ile miti vamizi ya miiba, iliyofunika bonde zima.

Ninachotaka kinawezekana. Ununuzi uanze taarifa ikishasema tahadhari. Orodha ya majina ibandikwe ukutani kwa chifu, isomwe barazani, na asiye na boma pale atolewe mbele ya watu wote. Pesa ziwe zimetengwa kabla, zisianze kuombwa mizoga ikishanuka.

Kama nawe uliandikishwa ukaachwa, weka hapa wadi yako na tarehe mbili: siku uliyoandikishwa na siku lori lilipofika. Nataka tuzipeleke bungeni zote pamoja.