Mrejesho: Kubadili AC ya vitufe vya kuzungusha kuwa ya kidijitali

Wakuu, niliuliza hapa kama inawezekana kuweka paneli ya AC ya kidijitali, ya toleo la juu la gari hilohilo, mahali pa vitufe vya kuzungusha. Inawezekana, na nawashukuru kwa dhati wote mlionijibu.

Ushauri nilioufuata ni wa kutonunua paneli peke yake, bali pamoja na mota, sensa na waya zake. Katika mfumo wa zamani, kebo ya chuma ndiyo inayovuta mlango unaochanganya hewa ya moto na ya baridi, ilhali paneli ya kidijitali hutuma umeme kwenye mota ndogo, kisha husubiri taarifa kwamba mlango umefika wapi. Bila mota hizo, paneli huwaka tu na joto halibadiliki. Rezista ya feni, yaani kipande kinachopunguza umeme ili kubadili kasi, nayo imepisha kidhibiti cha transista, ambacho lazima kikae ndani ya njia ya hewa ili kipoe. Betri ilichomolewa kwanza, na kila waya ulilinganishwa na michoro ya matoleo yote mawili.

Kisichofanya kazi vizuri ni hali ya AC kujiendesha yenyewe (auto). Sensa ya joto la ndani huhitaji bomba dogo la kuivutia hewa ya ndani ya gari, na bomba hilo halijapata nafasi kwenye dashibodi yangu, hivyo sensa husoma joto la nyuma ya dashibodi na feni huvuma kwa nguvu hata ndani kukiwa kumepoa. Kwa sasa kasi ya feni naichagua mwenyewe. Joto nalo hubadilika ninapolibadilisha kwenye skrini ya paneli, ila halifuatwi kwa usahihi kwa kuwa sensa hiyohiyo husoma vibaya.